Konzi za Mstari wa Tatu

Nimekutana na watu wengi wenye maneno mengi, lakini ni mmoja tu niliyemwona akisafiri nayo ndani ya sanduku. Alishuka ndegeni pale Bunia mwishoni mwa miaka ya sabini, amevaa abakosti, lile koti la serikali lisilovaliwa na tai, ya rangi ya majivu iliyofungwa hadi kooni, na mkononi ana sanduku la bati ambalo hakutaka mtu mwingine alibebe. Nilikuwa nimetumwa kumpokea pamoja na dereva wa kampuni. Tuliambiwa kwamba makao makuu ya Kinshasa yanatuletea mtu wa kuwasaidia wafanyakazi, basi nikadhani sandukuni mna dawa. Alipolifungua ofisini, mlikuwa na karatasi: fomu, orodha, na stensili za kuchapia fomu nyingine. Hakuwa na hata kidonge kimoja cha aspirini.

Kampuni yetu ilikuwa ya kahawa. Sitaitaja. Waliokula kwake wanaijua, na wengine haiwahusu. Mimi nilikuwa mpiga mashine wa ofisi, mwenye miaka ishirini na mitatu, cheti cha masista, viatu vya kisigino, na majivuno ya kuwatosha watu wawili. Meza yangu ilikaa karibu na dirisha, na ng'ambo ya dirisha ilikuwa hangari ya kuchambulia.

Humo wanawake walikaa chini kwa mistari sita, miguu wameinyoosha, kila mmoja na beseni lake. Kahawa ilitoka Mahagi, ilitoka Boga, na ile ngumu, robusta, ilitoka njia ya Komanda kwa malori yenye matope mekundu mpaka kwenye vioo. Ikishakobolewa, wanawake waliichambua punje kwa punje: nyeusi huku, zilizovunjika huku, mawe huku, na nzuri ndani ya beseni. Sirene ikilia saa kumi, bwana wa mizani alipita. Beseni likifika kwenye alama, umefanya kazi. Lisipofika, siku yako ni nusu, na mwenye siku za nusu tatu katika mwezi mmoja alifutwa kwenye orodha.

Kuwa kwenye orodha ndiyo ilikuwa maana ya yote. Mshahara ulikuwa mzaha. Chenye thamani kilikuwa kitabu cha dispanseri, kijitabu chenye jalada la buluu na majina ya watoto wako ndani. Ukikipeleka kwa muuguzi wa kampuni, mtoto anatibiwa, na ukikikosa, Mungu akusaidie. Wengi wa wanawake wale walikuwa wakikichambulia kitabu hicho, si kahawa.

Mwaka mzima niliwatazama kabla sijaelewa ninachokiona. Karibu saa tisa, mama mmoja wa mstari wa tatu alinyoosha mgongo, akachota konzi ya kahawa safi kutoka beseni lake, akageuka kumwambia jirani yake jambo, na katika kugeuka mkono ukapita juu ya beseni la jirani ukarudi mtupu. Kisha mwingine naye akapata habari ya kusimulia. Kisha wa tatu. Hakuna aliyetazama beseni, na hakuna aliyesema asante. Sirene ilipolia, beseni lililokuwa nusu saa nane lilikuwa limefika kwenye alama.

Nilimuuliza mama yangu nyumbani. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza watoto wanatoka wapi. Kwao, aliniambia, wanawake wakilima shamba kwa mstari na mmoja akaachwa nyuma, labda ana mimba, labda amefiwa, wenzake wakifika mwisho hugeuka wakalima kipande chake mpaka wakutane naye katikati. Lakini hawasemi. Ukisema umemtukana, maana umemwambia mbele ya watu kwamba jembe limemshinda.

"Ile kintu haina jina," mama alisema. "Unafanya tu, unanyamaza."

Nilimsikia vizuri. Nilimsikia kama vijana wanavyowasikia mama zao.

Sasa turudi kwa bwana wa sanduku. Tulimwita Shefu wa Sosyali, yaani mkuu wa huduma za jamii. Alikuwa amesomea kazi hiyo Kinshasa miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili walimfundisha kutoita kitu chochote kwa jina lake. Mfanyakazi mgonjwa aliitwa "cas", yaani kesi. Mgonjwa mwenye watoto alikuwa "cas social", kesi ya jamii. Kumtembelea mtu kwake na kukuta jiko limelala kuliitwa "suivi", yaani kufuatilia. Na kurudi ofisini bila kumwachia hata chumvi nako kuliitwa "suivi". Mtu akilia mbele yako, uandike kwamba ana shida ya kuzoea. Kuzoea nini, fomu haikuuliza. Alikuwa na neno kwa kila taabu chini ya jua, na akishalitamka alipumua na kujiegemeza kwenye kiti, kwa sababu kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Wakati ule serikali ilikuwa imetuamuru turudie asili yetu. Majina ya kizungu yalitupwa, tai zilikatazwa, kila mtu akawa "citoyen", raia, hata mwizi. Shefu akaona vyema maneno yake nayo yapate asili. Nikaagizwa niyatafsiri kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye mwenyewe hakuijua zaidi ya jambo na maji. "Cas" nikaifanya "mwenye kusaidiwa". Aliipenda kwa urefu wake. Nami, nisifiche, nilijipenda kwa kuitunga. Niliipiga kwenye stensili kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni mwa hangari, ambako wachache walijua kusoma.

Jumamosi moja baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia na kukata majani, wanawake walikusanywa uani kuelezwa huduma mpya. Shefu alisema Kifaransa kwa muda wa saa nzima. Mimi nilihitaji dakika kumi kuyatafsiri, na hapo nilikuwa nimejaza hewa. Mama mmoja mnene wa mstari wa tatu, ambaye ulimi wake uliogopwa hata na bwana wa mizani, alinyoosha mkono.

"Hii kusaidiwa, iko na dawa ndani?"

Nikamtafsiria Shefu. Akajibu kirefu kwamba huduma yake haimtazami mfanyakazi kwa upande wa dawa bali kwa ujumla wa mazingira yake.

"Anasema hapana," nilimwambia mama.

"Basi iko na nini?"

"Iko na maneno."

Wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Shefu naye alicheka, akidhani wamefurahi, na jioni akaniandikisha kwenye ripoti kwamba wafanyakazi wameipokea huduma kwa shangwe.

Miezi miwili ikapita bila hata mtu mmoja kuja. Mwenye akili angejua kwa nini. Kwetu huwezi kuketi mbele ya mwanamume usiyemjua ukaanza kumhesabia taabu zako kama anayehesabu mbuzi. Ukiulizwa habari unajibu tuko muzuri. Hata kama umetoka kuzika, kwanza tuko muzuri, kisha chai, kisha mvua ilivyonyesha, kisha, kama mwenzako ana utu, neno lenyewe linatoka lenyewe. Shefu aliwaita ofisini mmoja mmoja, akafungua kalamu, akauliza: una shida gani? Wote wakasema wako wazuri. Akaandika kwamba watu wa Ituri ni watu waliojifunga.

Lakini Kinshasa ilidai ripoti, na ripoti bila wenye kusaidiwa ni karatasi tupu. Nilimwona akianza kukonda. Mwanamume mzima, anayelala vizuri na kula vizuri, akikonda kwa sababu wenzake hawataki kumkabidhi huzuni zao. Mwishowe akaniita. Akasema mimi nina kipaji na najua lugha. Nikimletea dosye kumi nzuri, yaani mafaili ya wenye kusaidiwa, ataomba niitwe msaidizi wake, nipewe meza yenye droo ya ufunguo.

Najidharau kwa mambo mengi, ila kwa droo hiyo najidharau zaidi. Nilianza kuwinda siku ileile.

Mwishoni mwa mstari wa tatu, karibu na mlango penye mwanga, alikaa mama mmoja mjane. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, la kushoto karibu lote, la kulia nusu. Alichambua kwa vidole: punje nzuri aliijua kwa ulaini, iliyooza kwa wepesi, jiwe kwa ubaridi. Alikuwa hodari hivyo, lakini vidole havina mwendo wa macho, na bila konzi za wenzake beseni lake lisingefika kwenye alama hata siku moja. Nilijua hivyo, na mstari mzima ulijua. Bwana wa mizani, kama alijua, alikuwa na busara ya kutazama mizani tu.

Alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, wa pekee aliyebaki kati ya watoto watano. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa damu, ule ambao sisi tuliuita wa mifupa kwa sababu ndiko unakouma. Baridi ikiingia, alilia siku mbili, midomo ikapauka. Mama yake alimbeba hadi dispanseri na kitabu cha buluu, muuguzi akamtundikia maji, akamchoma sindano, na baada ya siku chache mtoto alirudi kuwa yeye. Na kuwa yeye maana yake ilikuwa mdomo. Alipita dirishani kwangu akielekea kumletea mama yake chakula, akaiga mwendo wangu wa visigino, mkono kiunoni, mpaka wanawake wakamwaga kahawa kwa kucheka. Nilimtishia kwa rula. Alinijibu kwamba rula ni ya kupimia, si ya kupigia, na kwamba masista hawakunifundisha vizuri. Nilimpenda sana mtoto yule.

Nilimfuata mama yake nyumbani, katika kambi ya wafanyakazi.

"Mama, Shefu iko na uwezo ya kutuma watu ku munganga ya macho, kule misioni. Tukuandike."

"Muandike nini?"

"Hii shida ya macho."

"Nani alikuambia miye niko na shida ya macho?"

"Nilikuwa naona mu dirisha."

Aliendelea kupepeta maharagwe ambayo hakuyaona.

"Binti yangu," alisema, "weye ni mutoto ya masista, mambo ya biro unajua. Siye huku tunajua namna tunafanya. Beseni iko inajaa. Uache tu."

Nilirudi mara ya pili akanipa ndizi na jibu lilelile. Mara ya tatu nilijua pa kumshika. Nilimwambia, kwa sauti ya upole niliyofundishwa na Shefu, ile ya kuinamisha kichwa kidogo upande: "Na kama macho inakufa kabisa, mama, nani atachunga mutoto?"

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kisha akasema, "Basi andika."

Lazima niseme kwamba niliamini. Sikuwa mwovu, nilikuwa mjinga mwenye cheti, na hao huvunja vyombo vingi zaidi. Niliamini kwamba maneno yale, yakipangwa vizuri, yangempeleka kwa daktari wa macho. Na fomu ilikuwa na sehemu moja iliyonivutia. Iliitwa "milieu d'appui". Maana yake: ni nani wanaomsaidia mfanyakazi huyu, kwa namna gani, mara ngapi? Shefu alikuwa amenieleza kwamba dosye yenye sehemu hiyo tupu ni dosye dhaifu. Makao makuu huwapa nafasi ya kwanza wale wenye watu wa kuwashika mkono, kwa sababu kuwasaidia wao si kumwaga maji mchangani.

Kwa hiyo niliijaza. Mama hakuwa ameniambia neno juu ya hilo, wala nisingethubutu kumuuliza. Niliandika nilichokiona dirishani. Niliandika kwamba wenzake wa mstari wa tatu, kila siku kabla ya sirene, humwongezea kila mmoja konzi ya kahawa safi katika beseni lake, bila kuombwa na bila kushukuriwa, kwa mapendo tu, na kwamba hivyo ndivyo kazi yake inavyotimia. Niliipiga kwa Kifaransa kizuri, nakala tatu. Nilipomaliza niliisoma tena na tena kwa sababu ilikuwa tamu.

Shefu aliisoma akasimama. "Mshikamano wa hiari," alisema kwa Kifaransa, akigonga karatasi kwa kidole. "Hiki ndicho tunachokitafuta." Akaichukua palepale akampelekea mkurugenzi wa kiwanda kujivuna.

Mkurugenzi yule hakuwa na maneno mengi. Nadhani tangu Shefu afike hakuwahi kusoma fomu yake hata moja. Hiyo aliisoma, na penseli mkononi. Katika jengo lile zima ndiye mtu pekee aliyeelewa mara moja nilichokiandika: kuna mwanamke anayepimiwa kahawa ambayo hakuichambua.

Wiki haikuisha. Mafundi waliingia hangarini na mbao, wakajenga vizuizi kati ya mwanamke na mwanamke, urefu wa bega la mtu aliyeketi. Mabeseni yakapakwa namba. Msimamizi akawekwa kupita nyuma yao kuanzia saa nane. Kuhusu yule mama mjane, Shefu alinipa barua ya kupiga. Ilisema ametambuliwa kuwa "inapte", yaani hafai kwa kazi, na kwamba huduma inamwelekeza kwenye kujitegemea.

"Na munganga wa macho?" nilimuuliza.

Alinieleza bila haya yoyote kwamba daktari ni wa wafanyakazi walio kazini, na yeye tangu leo hayuko kazini.

"Na kitabu cha mtoto?"

"Mnufaika humfuata mtumishi," alisema. Sentensi hiyo ilikuwa kwenye orodha yake. Niliwahi kuitafsiri mwenyewe: mzazi akifutwa, mtoto naye amefutwa.

Nilipandisha sauti. Nilimwambia kwamba nilimwahidi yule mama. Akanitazama kwa huruma, huruma yenyewe ya kusomea, akasema kwamba nimejiingiza mno ndani ya tatizo la mwenye kusaidiwa, kwamba hilo huwapata wanaoanza, na kwamba lina jina. Akanitajia jina. Nililisahau kwa makusudi.

Mama aliitwa ofisini. Shefu alisema yake, mkono juu ya moyo. Mama alisikiliza ameelekeza uso pasipo na mtu.

"Anasema nini?" aliniuliza.

Hapo ningeweza kumtolea yale yote niliyoyatafsiri: mwenye kusaidiwa, kuelekezwa, kujitegemea. Nikayaacha.

"Anasema kazi imeisha, mama."

"Na kitabu?"

"Na kitabu pia."

Alipapasa meza iko wapi. Kisha akaingiza mkono kwenye pindo la kitenge, akakitoa kitabu, akakiweka mezani, akakinyoosha kwa vidole mpaka kilingane na ukingo wa meza. Alishika mlango kwa mkono akatoka. Shefu aliandika pembeni mwa fomu kwamba amepokea kwa utulivu.

Tangu siku ile mstari wa tatu ulianza kuniamkia kwa Kifaransa. "Bonjour, mademoiselle," walisema, kila mmoja, kila asubuhi, kwa adabu isiyo na kasoro. Zamani walikuwa wakinitania habari za visigino na za kukosa mume. Ningetoa vingi nitaniwe tena. Mwezi huohuo, dosye ile moja ikiwa imemtosha Shefu, nikaitwa msaidizi na nikapewa meza ya droo. Ndani ya droo Shefu aliweka muhuri wa huduma, ule ambao watu wote waliuita kashe, akanipa ufunguo, kwa sababu yeye alipenda kusafiri.

Mama akaanza kuuza karanga za kuchemsha nje ya lango. Alizipima kwa kikombe na hakukosea. Binti yake alikaa naye kumlinda na wanunuzi wenye vidole virefu. Aliponiona nikipita hakuniiga tena. Aliniangalia tu.

Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, mvua ikinyesha asubuhi na mchana, mtoto alishikwa. Mama alijaribu majani ya moto siku moja na usiku wake. Asubuhi wanawake wanne wa mstari wa tatu, akiwemo yule mnene mwenye ulimi, waliacha mabeseni yao na siku yao, wakambeba mtoto kwenye kitenge mpaka dispanseri ya kampuni. Muuguzi alifungua daftari. Jina lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, kwa rula. Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Aliwaambia: leteni karatasi ya Sosyali yenye kashe, hata mistari miwili, nami nitamtibu sasa hivi.

Wakaja dirishani kwangu. Nilikuwa napiga ripoti ya nusu mwaka, na mama yule alikuwa humo, ukurasa wa pili, kama mfano wa jambo lililomalizika vizuri.

"Shefu iko wapi?" yule mnene aliuliza.

"Iko mu safari, ku Aru. Atarudi kesho."

"Basi weye uandike. Karatasi moja tu. Uandike kama mutoto iko na haki."

"Lakini mama, hana haki. Jina ilikatwa."

"Tunajua ilikatwa. Ndiyo maana tunasema uandike."

Nilimwona mtoto nyuma yao, kichwa kwenye bega la mwenzao, macho ya manjano, meno yakigongana. Nilimwona mama ameshika mguu wa mtoto, kwa sababu ndio alioupata. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu kwenye kamba. Muhuri ulikuwa umbali wa mkono mmoja. Na nilichokifikiri, naapa, kilikuwa hiki: Shefu akirudi akikuta karatasi isiyo ya kweli, nitaitwa nani? Kulikuwa na neno lake kwenye orodha.

"Sina ruhusa," nilisema. "Mumungojee Shefu. Ama muende ku opitali kubwa."

Yule mnene alinitazama. Nilitarajia ulimi wake na ningeupokea, lakini hakunipa. Waligeuka wakaenda na mvua, na njia ya hospitali kubwa ni ndefu kwa miguu, hasa kwa wanaobeba. Huko waliambiwa kwanza wanunue maji na sindano, na wakati mmoja wao akikimbia kutafuta, mtoto alikufa barazani, juu ya benchi, mchana, watu wakipita.

Shefu alirudi kesho yake na samaki wakavu kutoka Aru. Nilimwambia. Alisikitika, alikunja mikono, alisema ni pigo. Kisha aliangalia kwenye kanuni na kunieleza kwamba msaada wa mazishi hauwezi kutolewa kwa kuwa mama hayumo kwenye orodha, lakini kwamba mimi nilifanya vyema, kuheshimu utaratibu wakati mkubwa hayupo. Alisema ataliandika hilo kwenye faili langu, na aliliandika. Miezi mitatu baadaye akaitwa Kinshasa kufundisha wengine, akaondoka na sanduku lake. Sijui kama bado yuko hai na sijawahi kuuliza.

Kwenye matanga nilikwenda jioni ya pili, bila visigino. Nilidhani nitafukuzwa, na nilitamani nifukuzwe. Wanawake wa mstari wa tatu walikuwa wameketi kwenye mikeka, wakasogea kunipa nafasi kama wanavyompa mtu yeyote aliyekuja kulia na wenzake. Mama alikuwa katikati. Mtu alimwambia ni nani aliyeketi.

Alinyoosha mkono, akaupata wangu, akaushika. Kiganja chake kilikuwa kikavu, na vidole vilikuwa vikisugua vyangu taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Ile kashe," aliniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua, "ilikuwa kwako, ama Shefu alienda nayo ku safari?"

Ningeweza kusema alikwenda nayo. Ulikuwa uongo mwepesi, na kila aliyekuwa pale, nadhani hata yeye, angenipokea nao.

"Ilikuwa kwangu, mama."

Akatikisa kichwa. Hakuuachilia mkono wangu. Mtu alileta chai, akanipa kikombe, na nililazimika kukipokea kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia alikuwa bado ameushika.